Kompyuta ya kuzamia iko vizuri, ila kuiunganisha na PC ni mateso

Mimi ni daivu masta huku kaskazini mwa Unguja, mara nyingi tunapeleka wageni Mnemba na bahari ikikubali tunasogea mpaka Leven Bank, kwa hiyo kompyuta ya kuzamia, yaani saa inayopima kina na muda ukiwa majini, kwangu ni kitendea kazi cha kila siku. Jina la kampuni naliacha, ni zile za bei ya chini za kuvaa mkononi wanazonunua sana watu wanaoanza, betri unabadilisha mwenyewe. Chini ya maji sina neno. Kina inasoma vizuri, ukipanda haraka inalia unaisikia, na dakika zilizobaki kabla hujaingia deko (yaani kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda) zimeandikwa kubwa hata mtu mwenye maski yenye ukungu anaziona. Shida ni ukishatoka majini, unataka kuhamishia kumbukumbu za daivu zako, yaani mizamo uliyopiga, kwenye laptopu.

Kwanza kebo haimo kwenye boksi. Nje wameandika kabisa kwamba inaunganishwa na PC, unafungua unakuta saa, kijitabu na karatasi inayokwambia kebo inauzwa peke yake, na bei ya hiyo kebo inakaribia theluthi ya bei ya saa yenyewe! Na sio waya wa simu useme utaazima kwa mtu, ina klipu yake ya kubana kwenye saa ili iguse pini ndogo za chuma zilizo kwenye saa, mimi naziita vipini. Darajani hakuna, Kariakoo hakuna, mpaka umpate mtu anayekuja kutoka nje akubebee.

Basi kebo ikaja, nikachomeka, nikafungua programu ya kampuni, ikasema kifaa hakijaonekana. Nikahamisha tundu la USB, hakijaonekana. Nikaristati laptopu, hakijaonekana. Yaani ujumbe ni huo huo mmoja na hapa ndipo hasa panaponiudhi, kwa sababu kati ya saa na ile grafu ya daivu kuna mambo mengi yanayoweza kugoma: vipini viguse klipu sawasawa, ndani ya kebo kuna chipu inayogeuza mawasiliano ya kizamani ya siriali yawe USB, Windows iwe na draiva ya chipu hiyo (programu ndogo ya kuongea nayo) ndo iione kama poti ya COM, yaani mlango wa siriali wenye namba, halafu programu iifungue poti hiyo hiyo na sio nyingine. Kokote kukigoma unaambiwa kifaa hakijaonekana, sasa mtu atajuaje aanzie wapi?

Kijitabu hakisaidii kitu. Kilichonisaidia ni kufungua Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, huku kebo imechomekwa. Ukikuta alama ya njano ya mshangao, tatizo ni draiva, saa iache kwanza. Ukikuta poti ya COM na namba yake imekaa vizuri, basi kebo na draiva havina neno, angalia saa au programu. Kwangu matatizo yalikuwepo pande zote mbili, draiva na saa. Draiva waliyoiweka kwenye saiti yao ni ya Windows za zamani sana, Windows 11 inaikataa, ikabidi nitafute mpya kwa waliotengeneza chipu. Baada ya hapo COM ikatokea lakini saa bado kimya, kumbe vipini vimeshika chumvi. Vipini hivyo hivyo ndo vinavyoijulisha saa kwamba imeingia majini, kwa hiyo vikibaki na unyevu saa yangu inadhani bado iko baharini na haitaki kuongea na laptopu. Nikasugua taratibu kwa mswaki laini na siki kidogo, nikasuuza kwa maji baridi, nikaiacha ikauke kabisa, ikakubali.

Kuna mtu atasema si ununue kebo ya kuiga mtandaoni, ni rahisi. Mimi naogopa. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI, ambao chipu zao zimo kwenye kebo nyingi za aina hii, walitoa draiva iliyokuja na apdeti za Windows ikazifanya chipu bandia zisitambulike tena, mtu jana kebo yake inasoma vizuri leo imekufa. Na mnunuzi hana namna ya kujua ndani ya plagi kuna chipu gani.

Sasa kwa nini nahangaika hivi wakati kina na muda saa inanionyesha yenyewe? Kwa sababu ya wanafunzi. Unamwambia mtu umepanda haraka anakubishia, anasema saa ililia mara moja tu. Ukimwekea grafu mezani anaona mwenyewe, hapa kwenye mita 12 mstari umesimama wima, amepita ile mita 9 kwa dakika tunayomfundisha, na kituo cha usalama, kile cha kusimama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka, amekifanya huku anapanda na kushuka. Sina haja ya kugombana nae. Daivu inayofuata unamwona anatulia. Hilo kwenye kioo kidogo cha saa haliwezekani, na memori ya saa ikijaa daivu mpya zinafuta za zamani, kwa hiyo ile miezi kebo haikufanya kazi daivu zangu nyingi za msimu wa kaskazi zimepotea na hazirudi.

Programu ya kampuni nimeshaiondoa. Natumia Subsurface, programu ya kuhifadhi daivu, ni ya bure, aliianzisha Linus Torvalds yule wa Linux mwaka 2011 kwa kuwa na yeye ni mzamiaji, na ndani yake inatumia libdivecomputer, kodi ya Jef Driesen ambayo inaelewa lugha za saa za kampuni nyingi. Unachagua kampuni, modeli, poti ya COM, basi daivu zinashuka. Watu wanaojitolea wameweza kuisomesha saa hii kuliko kampuni iliyoiuza, na kwangu hiyo ni aibu kubwa kwa kampuni. Ukitumia Linux na ikagoma, angalia kama yuza wako yumo kwenye grupu la dialout, wale wanaoruhusiwa kutumia poti za siriali.

Mwenzangu kazini ana mpya ya Bluetooth, yake ni nyepesi zaidi ila usiiunganishe (pair) kwenye setingi za Windows, iache programu yenyewe iitafute, ukishaiunganisha huko ndo inaanza kusumbua.

Kampuni niliwaandikia kuhusu draiva. Wakanijibu modeli hiyo hawaitolei tena programu, ninunue mpya. Saa inapiga daivu mbili kwa siku bila tatizo lolote, kwa nini niitupe? Kama unataka kununua modeli hii ya mtumba chukua, lakini muuzaji akupe na kebo, na uijaribu kwenye laptopu yako mwenyewe hapo hapo kabla hujatoa hela.