Dalali anayezijua nyumba za mawe za Lamu: uzoefu wangu

Nyumba niliyotaka kununua iko ndani ya Mji wa Kale wa Lamu: ghorofa mbili, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Dalali wa viwanja na fleti, hata awe mwaminifu namna gani, huitazama nyumba kama hiyo kwa jicho la simenti na nondo. Atakuonyesha vyumba, upepo wa baharini na rangi mpya. Huyu wangu aliinua uso akaanza na dari, na hapo ndipo nilipojua nimempata mtu.

Boriti ndiyo kipimo cha nyumba nzima. Chumba cha kale hakipiti sana mita 2.5 hadi 3 kwa upana, kwa kuwa mti wa mkoko haubebi zaidi ya hapo. Ukikuta chumba cha mita 5 bila nguzo katikati, uliza ni ukuta gani umevunjwa na mzigo wake umehamia wapi. Wauza miti wa Lamu huipanga mikoko kwa unene, kuanzia nyembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti halisi ina kipenyo cha sentimita 11 hadi 14 hivi. Mahali pawili dalali alinionyesha mazio yaliyotiwa badala ya boriti. Kwa jicho langu ilikuwa dari moja. Juu yake kuna tabaka la mawe na chokaa lenye unene wa sentimita 25, na uzito huo si wa mazio.

Kisha akatoa bisibisi. Boriti haianzi kuoza katikati, huoza kichwani, pale inapoingia ukutani, kwa sababu ukuta ukilowa unyevu hukaa pale bila hewa. Alichoma kila kichwa alichoweza kukifikia, hasa chini ya choo cha juu na karibu na mlizamu, yaani mfereji unaotoa maji ya mvua paani. Bisibisi ikizama sentimita 2 bila kusukumwa, mti huo umekwisha. Katika boriti 42 alikataa 7, zote za upande mmoja, na sababu ikaonekana tulipopanda juu: mlizamu ulikuwa umezibwa, na maji ya mvua yalikuwa yakigeukia ukutani. Pale juu palikuwa pia na tangi la plastiki la lita 2,000. Hizo ni tani 2 likijaa, zimewekwa katikati ya chumba. Kama ni lazima tangi likae juu, liwekwe pembeni, juu ya ukuta mnene, na liwe dogo.

Kwenye kuta alitumia ngumi tu. Plasta iliyoshikana hutoa sauti nzito. Iliyoachana na jiwe huvuma. Sehemu ya chini, karibu mita 1 kutoka sakafuni, ilivuma yote. Hili ndilo kosa ninalolichukia kuliko yote katika nyumba hizi, na limeenea: mtu anaona ukuta unatoa unga mweupe wa chumvi, anaita fundi aupake simenti. Jiwe la matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia chokaa. Simenti huyafungia ndani. Maji yasipopata pa kutokea hupanda juu zaidi, chumvi inagandia nyuma ya plasta na kulisaga jiwe, na baada ya misimu michache plasta huanguka na kipande cha ukuta. Rangi ya plastiki hufanya vivyo hivyo polepole.

Dawa yake ni kubandua simenti yote, kuuacha ukuta upumue miezi kadhaa, kisha kupaka chokaa upya: kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga, tabaka nyembamba za sentimita 1 moja moja, kila moja ikinyunyiziwa maji isikauke kwa pupa, na neru, yaani chokaa laini ya kumalizia, mwishoni. Mchanga wa pwani wenye chumvi haufai, wala maji ya kisima cha chumvi. Dalali aliyaeleza haya kabla ya kutaja bei, na gharama yake ndiyo tuliyoitumia kumshusha muuzaji.

Alikataa pia tununue wakati wa kiangazi. Nyumba ya mawe mwezi wa Februari haina kasoro hata moja. Tulirudi Mei, masika yakiwa yamekolea, na madoa mawili yakajitokeza darini. Kwenye ufa wa mshazari juu ya mlango wa ndani alikuwa ameziba kidogo kwa jasi na kuandika tarehe. Wiki 8 baadaye jasi ilikuwa nzima, maana yake ufa ni wa zamani na umetulia. Ingepasuka, angetushauri tuiache nyumba.

Makaratasi yalichukua muda kuliko kuta. Nyumba nyingi za mji huu ni za mirathi, na anayekupa ufunguo mara nyingi ni mrithi mmoja kati ya wengi. Dalali alitaka kuona hati, sachi rasmi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mmiliki ni nani, na uthibitisho wa mirathi wenye majina ya warithi wote, wakiwemo walio Mombasa na Uarabuni. Aliuliza pia kama nyumba au sehemu yake ni wakfu, kwa sababu mali ya wakfu haiuzwi, hata familia nzima ikikubali. Kuna jambo ambalo wakili wa mbali asingelijua: wikio, yaani chumba cha daraja kilichovuka juu ya kichochoro, lilikuwa limeegemea ukuta wetu lakini chumba chake ni cha jirani. Tuliandikiana nani hutengeneza nini kabla ya malipo. Na kwa kuwa mji uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, alitupeleka kwa maofisa wa Makumbusho ya Taifa kuuliza ni mabadiliko gani yanaruhusiwa. Mlango wa kuchongwa na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, si vitu vya kung'oa.

Kasoro zake zipo. Haandiki chochote, kila alichokiona nilikinakili mwenyewe na kukipiga picha. Makisio yake ya vifaa yalikuwa sawa, ila ya usafirishaji yalipungua karibu nusu: mawe hutoka machimbo ya kisiwa jirani cha Manda kwa jahazi, kisha hubebwa na punda hadi mlangoni, na kila mkono unalipwa. Tulikubaliana asilimia 3 ya bei, ilipwe baada ya uhamisho kusajiliwa. Ukimtafuta dalali wa aina hii, mwombe kwanza cheti cha Bodi ya Usajili wa Mawakala wa nyumba na ardhi, halafu umpeleke kwenye nyumba yoyote ya mawe umwulize boriti zake zinaoza wapi.