Kidonge chenye uzi cha kupima umio: kipimo safi, mapokezi hovyo kabisa

Naandika nikiwa bado nimewaka kwa hiyo mnivumilie. Nina kiungulia sugu, daktari akasema kwa kuwa chakula hakinikwami tusikimbilie mpira wa kamera, tuanze na kidonge chenye uzi. Unakimeza na maji, nesi kashika uzi, dakika kama 7 hivi ganda linayeyuka tumboni na sponji ndogo inafumuka, halafu anaivuta, ikipanda inakwangua seli za umio wote. Kuvutwa ndio kubaya, unataka kutapika, ila ni sekunde tu.

Sasa kimbembe. Nimesubiri majibu weee, siku simu ikaita, dada wa mapokezi bila hata salamu: "Majibu yako yana tatizo, urudi." Tatizo gani? "Muulize daktari, mimi sijui." Akakata. Yaani mtu kapimwa mambo ya kansa unamwambia majibu yana tatizo na unakata simu?! Usingizi ukaisha, kila nikimeza mate nahisi kitu kimekaa pale kooni, nikaanza hadi kumwonyesha mdogo wangu karatasi za nyumba ziko wapi. Kufika kule eti seli hazikutosha. Basi! Hazikuonekana seli za upande wa tumbo, kwa hiyo maabara hawana uhakika kama sponji ilifika chini, inabidi kurudia. Maneno hayo yalikuwa mazito kuyasema kwenye simu? Nikamfuata yule dada, akanijibu huku anachezea simu yake, "Si nilisema urudi, na umerudi?"

Nikarudia na hasira zangu. Safari hii nesi mtu mzima, "vuta pumzi kwa pua mwanangu", uzi ukatoka hata sikujua, na majibu akanipigia daktari mwenyewe. Protini inayoitwa TFF3, wanayoitafuta kwenye zile seli, haikuonekana, ingeonekana wangeshuku umio wa Barrett, yaani seli zilizobadilika kwa asidi ya tumbo, ambazo kwa watu wachache huja kuwa kansa. Na hapo bado ningepelekwa kwenye kamera na biopsi, yaani kukatwa kinyama kidogo kikapimwe, maana kidonge kinachuja tu, hakitamki kansa.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Kwa kipimo peke yake natoa nne, hata tano, nikiambiwa kesho nimeze nameza. Lakini nikiikumbuka ile simu... mbili. Ukienda, kabla hujameza uliza seli zisipotosha nani atakupigia, na wakikutajia mapokezi, mwambie daktari namba yako aandike yeye.