Chokaa ya mfuko kwa kuta za karakana kuukuu: nyota nne

Ifunda, mkoani Iringa, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pakawa na shule ya ufundi, ambayo leo ni sekondari. Majengo ya rika hilo, ya matofali ya kuchoma, bado yapo mengi Nyanda za Juu Kusini, na yanaumizwa na ukarabati kuliko mvua. Ukiziba viungio (mistari kati ya matofali) kwa simenti, unyevu hukosa njia na kutokea kwenye tofali lenyewe. Chumvi hubaki, uso ukabanduka magamba.

Dawa ni kuziba kwa chokaa iliyozimwa (iliyochomwa kisha ikatiwa maji, ikawa unga), ile ya mifuko ya kilo 25. Kosa la kwanza hufanyika dukani. Chokaa ya shambani, ya kupunguza asidi ya udongo, ni jiwe lililosagwa tu; haigandi hata uisubiri mwaka. Omba kijiko kimoja, dondoshea siki. Ikitoa povu jingi, ni hiyo ya shambani au mfuko uliokaa wazi ukachacha. Ikitulia, lipa.

Mimina chokaa kwenye maji (kamwe usifanye kinyume, na vaa miwani, inaunguza macho), iache saa 24 iwe uji mzito. Ndoo moja ya uji kwa tatu za mchanga mkali (wenye punje za kukwaruza) wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wenye udongo huleta nyufa. Kwangua kiungio kina cha milimita 20 hadi 25 kwa patasi. Grainda hukata kingo za tofali, iacheni nyumbani. Futa vumbi, lowesha ukuta, shindilia mchanganyiko kiungioni.

Kisha funika ukuta kwa magunia mabichi, siku saba. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ya kabonidioksidi ikiwa bado na unyevu. Upepo wa kiangazi wa Iringa ukiikausha mapema, inabaki unga unaofutika kwa kidole. Hapa ndipo mafundi wa simenti hukata tamaa: siku ya tatu ukucha wa kidole bado unazama, basi wanatia simenti "kidogo tu", na kazi yote imeharibika. Makete na Njombe, ruka Juni na Julai. Baridi ya usiku huichelewesha, na jalidi huivunja.

Nyota ya tano tumeinyima kwa sababu haigandi majini. Msingi unaolowa daima, tafuta kingine.