FamilySearch kwa mtafiti wa Nairobi: hati zake ni bora kuliko mti wake

Wapo watu wengi hapa Nairobi wanaojipatia riziki kwa kuwafanyia wateja wa ng'ambo utafiti wa mtandaoni, na kufuatilia nasaba za koo za Kimarekani ni mojawapo ya kazi hizo. Tathmini hii nimewaandikia hao, pamoja na yeyote anayeipenda historia lakini hana dola za kulipia kila mwezi. Huduma ninayoizungumzia ni FamilySearch, tovuti ya hati za kale na mti wa ukoo, mali ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yenye makao yake Salt Lake City. Niliipima kwa ukoo mmoja mgumu, ule wa Robert Carter wa Virginia, na rai yangu ni kwamba inafaa sana, mradi mtumiaji aanzie kwenye hati, na mti wa ukoo aufungue baadaye.

Carter, ambaye watu wa zama zake walimwita "King" kwa ukwasi na mamlaka yake, alikuwa mwenye mashamba makubwa ya tumbaku katika Kaunti ya Lancaster. Alikuwa Spika wa House of Burgesses, yaani bunge la Virginia ilipokuwa koloni la Waingereza, kisha mweka hazina wa koloni hilo, na kati ya mwaka 1726 na 1727 akakaimu ugavana. Wakati huohuo alikuwa wakala wa familia ya Fairfax iliyomiliki ardhi ya Northern Neck huko Virginia, na katika kuigawa ardhi hiyo aliwapa pia wanawe na jamaa zake maeneo makubwa, jambo ambalo Mkenya aliyefuatilia ripoti za tume zetu za ardhi atalielewa upesi. Alipofariki Agosti 1732 aliacha takriban ekari 300,000 na mamia ya watumwa.

Ugumu wa kwanza ni majina. Wakikuyu, ambao mwana wao wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wanajua jinsi ukoo unavyoweza kuwa na watu wengi wa jina moja, na akina Carter walikuwa hivyohivyo. King Carter alikuwa na mwana aliyeitwa Robert, na mwana huyo akafariki mwaka uleule wa 1732, miezi michache kabla ya baba yake. Huyo naye aliacha mtoto mdogo aliyeitwa Robert, aliyezaliwa mwaka 1728. Anayesoma hati ya mirathi ya Robert Carter ya miaka hiyo bila kuangalia majina ya mke na mashamba yaliyotajwa anaweza kumwandikia mtu mali ya mwanawe. Ugumu wa pili ni tarehe. Hadi mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao walihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, na ndiyo maana mwaka wa kuzaliwa wa King Carter huandikwa 1663/64, yaani 1663 kwa hesabu ya zamani na 1664 kwa hesabu ya sasa. Mtafiti makini huuacha hivyo ulivyo.

Hapo ndipo mti wa FamilySearch unapohitaji tahadhari. Ni mti mmoja wa watu wote, ambao kila aliyejisajili anaweza kuurekebisha, na kwa ukoo maarufu wenye wajukuu kama Benjamin Harrison, aliyetia saini Azimio la Uhuru la mwaka 1776, na kitukuu aliyekuwa Rais William Henry Harrison, watu wanaotaka kujiunga nao hawakosekani. Kwa kila kiungo cha mzazi na mtoto fungua sehemu ya vyanzo. Kama chanzo chenyewe ni mti mwingine tu, kiungo hicho hakijathibitishwa.

Hati ni habari nyingine kabisa, na ndizo zinazonifanya niisifu huduma hii bila kusita. Tangu mwaka 2024 kuna njia ya kutafuta neno lolote ndani ya hati za ardhi na mirathi za Marekani, kwa kuwa kompyuta imefundishwa kusoma mwandiko wa makarani wa kale, wenye s ndefu inayofanana na f na majina yanayobadilika tahajia ukurasa hadi ukurasa. Si lazima tena jina unalolitafuta liwe kwenye faharasa. Linganisha usomaji wa kompyuta na picha ya ukurasa wenyewe kila mara, kwa sababu tarakimu na majina ya kwanza huipotosha.

Faida kubwa zaidi wanaipata wale ambao mti hauwaonyeshi. Sheria ya Virginia ya mwaka 1662 iliamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, kwa hiyo mtumwa hakuwa na nasaba mbele ya sheria isipokuwa kama mali. Sensa ya mwaka 1850 na ya 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la mmiliki. Ni ile ya mwaka 1870 ndiyo iliyowataja kwa majina yao. Kabla ya hapo tegemeo ni wosia na orodha za mali za mabwana zao. Orodha ya mali ya King Carter inataja watumwa kwa majina, shamba baada ya shamba, na mjukuu wake Robert aliandikisha mwaka 1791 hati ya kuwakomboa hatua kwa hatua karibu watu 500, wakiwa wametajwa kwa majina na umri. Kwa mteja Mmarekani mweusi, mstari mmoja wa karatasi ya aina hiyo una thamani kuliko mti mzima wa magavana na marais.

Kuhusu gharama, usajili ni bure na hakuna kadi inayoombwa, tofauti na tovuti moja ya kulipia niliyoijaribu, ambayo iliendelea kunikata pesa baada ya muda wa majaribio kwisha. Picha za hati ni nzito, kwa hiyo bando la simu huisha haraka. Tumia intaneti ya ofisini au ya saiba. Baadhi ya picha hufunguka tu ndani ya vituo vya FamilySearch, ambavyo kwa kawaida huwa katika majengo ya kanisa hilo, nazo hutambulika kwa alama ya kamera yenye ufunguo. Piga simu uulize saa za kituo kabla hujafunga safari.