TAHADHARI: Feni "zisizo na sauti" za kompyuta ya mezani na mchezo wa volti 5

Wakuu, salaam.

Kuna mchezo unaendelea hapa Dar kwenye feni za kompyuta za mezani, hasa zile za rangi ya kahawia na krimu zinazouzwa kama Noctua orijino, ile chapa ya feni ya Austria. Muuzaji ana ukurasa wenye picha kali, ana meza ndani ya duka la mtu mwingine Kariakoo, na mikoani anatuma mzigo kwa basi. Jina silitaji. Ukurasa umeshabadilishwa jina, na hiyo meza ya kukodi sidhani kama itakaa pale muda mrefu. Nitaeleza mbinu yake, ili hata akihamia kwingine mumtambue.

Mimi ni fundi, na feni hizi zimenifikia kupitia wateja. Wa kwanza alikuwa dada mmoja anayerekodi matangazo ya biashara nyumbani kwake. Kwa kazi yake, mvumo wa kompyuta ni pesa inayopotea, maana kipaza sauti kinanasa kila kitu na mteja wake akisikia "vuuu" nyuma ya sauti anarudisha kazi. Aliambiwa, "Dada yangu, hizi ni desibeli sifuri, utasahau kama kompyuta imewaka." Na hakununua kibubusa. Alidai kuzijaribu kabla ya kulipa, zikawashwa mbele yake, akasogeza sikio, kweli kimya. Akalipa elfu thelathini na tano kwa kila moja, hela ikaenda kwenye namba binafsi ya simu, akapewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono yenye muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Kufika nyumbani, kompyuta inavuma hadi sebuleni.

Sasa tazameni kilichofanyika pale mezani. Feni haikuchomekwa kwenye kompyuta. Ilichomekwa kwenye pawabenki kwa kiwaya kifupi cha USB. Pawabenki ya kawaida inatoa volti 5, wakati feni ya kompyuta imetengenezewa volti 12. Kwa volti 5 inazunguka, tena inazunguka vizuri tu machoni, ila kwa mwendo wa chini ya nusu. Na kwenye feni, mwendo ndio unaobeba kelele karibu yote: ukipunguza mizunguko kwa nusu, kelele inashuka kwa takriban desibeli 15. Sikio la binadamu linaona upungufu wa desibeli 10 kama vile sauti imepungua kwa nusu. Kwa hiyo hata feni mbovu ya elfu tano, ukiipa volti 5, itaonekana ya kimya. Jaribio ni la kweli, ulichosikia ni kweli, ila halikuwa jaribio la kazi unayokwenda kuifanyia.

Na hewa? Hewa nayo inashuka kwa kiwango kilekile cha mwendo. Kule dukani hakuna anayeweka mkono nyuma ya feni kupima upepo, wote wanasogeza sikio.

Nilizifunga kwenye mashine yangu ya majaribio, nikaingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, nisome mizunguko. Stika imeandikwa 2000 kwa dakika, kama ilivyo kwenye orijino ya NF-A12x25, modeli ya Noctua ambayo hizi zinaiiga. BIOS ikasoma zaidi ya 2400, na haishuki. Nikaweka mpangilio wa kasi wa chini kabisa, haishuki. Nikapima umeme kwa mita: stika inadai ampea 0.14, mita inasoma karibu mara mbili. Hapo nikabandua stika ya nyuma kwa ncha ya wembe. Ndani kuna kibao kidogo cha saketi, waya tatu zimelehemiwa, na ya nne imekatwa ikafichwa chini ya gundi nyeupe. Ipo kwenye plagi, ipo kwenye mkanda, lakini haijaungwa popote.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: plagi ya feni yenye pini nne ina waya wa hasi, waya wa volti 12, waya wa kutoa taarifa ya mwendo, na waya wa nne wa PWM ambao mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inautumia kuiambia feni iende polepole au kasi. Waya huo ukikatwa, feni haisikii amri. Itakwenda kwa kasi yote tangu unawasha hadi unazima, hata kama umefungua faili la maandishi tu. Feni ya namna hii haiwezi kuwa ya kimya ndani ya kompyuta inayoiongoza kwa PWM, na aliyeukata waya huo alilijua hilo.

Kuhusu hizo "desibeli sifuri", wakuu, hakuna feni inayozunguka yenye sifuri. NF-A12x25 ya kweli, ambayo ni kati ya feni za milimita 120 zinazosifiwa zaidi duniani, kampuni yenyewe ya Austria inaandika desibeli 22.6 kwa mizunguko 2000. Hicho ni kipimo cha maabara, siyo cha chumbani Tabata karibu na baa. Anayekuandikia sifuri kwenye tangazo ameshakuonyesha yeye ni mtu wa aina gani kabla hujamtumia hata senti.

Kuna wanaosema, "Mimi aliniwekea video, niliisikia mwenyewe." Video ya simu haithibitishi chochote hapa. Simu nyingi na programu za kupiga simu zimewekewa uwezo wa kuchuja mvumo usiobadilika, ili sauti ya mtu isikike vizuri. Mvumo wa feni ndio hasa mvumo usiobadilika! Unaweza kupiga simu ya video ukiwa pembeni ya feni ya chumbani na mwenzako asiisikie kabisa. Zile programu za kupima desibeli kwa simu nazo ziwe za kulinganisha tu, feni hii na ile, simu ileile, umbali uleule, chumba kilekile. Chini ya desibeli 30 hivi, kipaza sauti cha simu mara nyingi kinasoma kelele zake chenyewe. Muuzaji akikuonyesha skrini ya simu imeandikwa 18, mwachie simu yake.

Sehemu iliyoniudhi zaidi ni ya baada ya malalamiko. Dada alipompigia, hakufokewa. Aliambiwa kwa upole, "Pole sana dada, umesahau kufunga kiwaya cha kutuliza, nakutumia na boda." Kikaja kiwaya kifupi chenye rezista ndani, yaani kipande cha kupunguza umeme unaofika kwenye feni. Vifaa vya namna hiyo vipo kihalali, hata boksi la NF-A12x25 linakuja na adapta yake ya kupunguza mwendo. Lakini ile ya kweli inashusha hadi mizunguko 1700, na hewa inayobaki bado inatosha. Hiki cha boda kiliishusha feni hadi ikawa inapepea tu. Kelele ikaisha, ndiyo. Mashine ikaanza kugandaganda kila anapochanganya sauti, kwa sababu prosesa ilikuwa inagonga nyuzi 95 na kujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kwa joto la Dar, ambako chumba bila kiyoyozi mchana kinafika nyuzi 30 na zaidi, hakuna nafasi ya kuchezea hewa kiasi hicho. Aliporudi kulalamika mara ya pili akapigwa bloku.

Namna ya kuitambua bandia ya aina hii bila kubandua stika, na hili ni kwa NF-A12x25 tu, msilipeleke kwenye kila feni: orijino ina mapanga tisa, na ncha za mapanga zinakaribiana mno na fremu, upenyo ni nusu milimita. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76, kwa hiyo haiingii kati ya panga na fremu. Kwenye hizi nilizoletewa inaingia na kutoka bila kugusa. Ndani ya boksi la kweli kuna ile adapta, waya wa kugawa, waya wa kurefusha, vishikizo vinne vya mpira na skrubu nne. Hizi zilikuja kwenye mfuko wa nailoni na skrubu mbili. Na bei iwashtue: kule inakotoka feni hii inauzwa zaidi ya dola 30, bado usafiri na ushuru, sasa itafikaje Kariakoo kwa elfu thelathini na tano na muuzaji apate faida?

Si kwamba kila feni ya bei nafuu ni utapeli. Kuna feni za kawaida za pini nne, zisizo na jina kubwa, zikipangiwa mizunguko 800 au 900 zinatulia vizuri na mashine ya ofisi inapoa. Tatizo langu ni mtu kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa bei ya ng'ombe.

Ukitaka kununua, mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta inayowaka, kwenye pini za feni za mazabodi, BIOS ikiwa wazi. Soma mizunguko kwa kasi yote, kisha ashushe mpangilio wa kasi uone kama namba inafuata. Hayo yote hayamalizi dakika tano. Pale Kariakoo kelele za nje hazitakuruhusu kusikia tofauti ndogo, lakini namba utaiona, na nyuma ya feni weka kiganja. Akisema hana kompyuta ya kujaribia, na anauza vifaa vya kompyuta, ondoka. Dai risiti ya EFD, yenye jina la bidhaa kamili, siyo "feni 3". Lipa kwa lipa namba yenye jina la duka ulilosimama ndani yake.

Kwa mliokwisha kupigwa: msitupe stika, mfuko wala ujumbe wa muamala. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, na kwao feni yenyewe ndiyo ushahidi. Dada yule ameshapeleka moja, nyingine amezibakiza.

Na kama huna hela ya feni nyingine kwa sasa, ingia BIOS, tafuta mpangilio wa feni husika, badilisha PWM iwe DC. Mazabodi nyingi za miaka ya karibuni zina chaguo hilo, na hapo mwendo unashushwa kwa kupunguza volti, waya wa nne hauhitajiki. Ishushe kidogokidogo huku unaangalia joto la prosesa ikiwa kazini, likivuka nyuzi 80 rudisha juu. Kile kiwaya cha boda king'oeni leo.