Sheria ya Ajira ya 2007: nakala ya kuwa nayo mezani ukianza kazi ya rasilimali watu peke yako

Ninayoitathmini hapa ni Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, Sura ya 226. Nakala yangu niliichapisha kwenye saiba moja (duka la kompyuta na uchapaji) pale Oginga Odinga Street, Kisumu, wakaishona kwa waya wa plastiki na kuiwekea jalada la karatasi ngumu. Maandishi yenyewe yanapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, kwa hivyo nililipia karatasi na wino tu, na haikufika shilingi elfu moja. Naipa nyota nne kati ya tano.

Niliitafuta kwa sababu ya hali ambayo najua wengi wenu mko ndani yake sasa hivi. Niliajiriwa katika kiwanda cha mikate upande wa Obote Road, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na ofisi ya rasilimali watu. Mishahara ilikuwa kwa mhasibu, likizo kwa msimamizi wa zamu, na kufukuza watu kwa mwenye mali. Nilikabidhiwa meza, kabati la faili ambalo kufuli lake halifungi, na daftari la vibarua. Hapakuwa na aliyenitangulia ambaye ningemuuliza. Chuoni tulifundishwa nadharia za motisha kwa miaka, lakini hakuna aliyetukalisha chini akatuonyesha jinsi ya kuandika barua ya kuajiri.

Wengi wakiwa hapo hukimbilia barua za mfano za intaneti. Tafadhali, usizitumie kabla ya kuisoma sheria hii. Nyingi zimeandikiwa Marekani, ambako ni kawaida mwajiri kumwachisha mtu wakati wowote na bila sababu, na watu wakaagana kwa notisi ya wiki mbili. Kwetu kifungu cha 35 kinampa anayelipwa kwa mwezi notisi ya maandishi ya siku 28, na kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumwachisha. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko hapa hapa Kisumu. Mfanyakazi hahitaji hata nauli ya basi la Nairobi kwenda kushtaki.

Anza na vifungu vya 9 na 10. Kazi yoyote ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 10 kinataja mambo yanayopaswa kuwemo: jina, umri, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa, mshahara na vipindi vya kulipwa. Hayo mfanyakazi awe ameyapata kwa maandishi kabla ya miezi miwili kwisha. Mimi niligeuza kifungu hicho kuwa karatasi ya kukagulia, nikapitia kabati lote faili kwa faili. Mahali fulani humo ndani kuna sentensi iliyobadilisha namna mwenye mali anavyoniona: mwajiri asipoweza kuonyesha mkataba mahakamani, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti ambayo mfanyakazi anayadai. Nilimsomea polepole, naye akaniuliza ni faili ngapi hazina mkataba. Kuanzia wiki hiyo nikapewa mtu wa kunisaidia kupiga chapa.

Kifungu cha 37 ndicho kinachostahili bei ya karatasi zote. Viwanda vyetu vya magharibi, kuanzia vya sukari hadi vya mabati, vimezoea kuita watu vibarua hata wakizeekea pale. Sheria inasema kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, anahesabika kuwa mwajiriwa wa mwezi, na notisi ya kifungu cha 35 inamhusu. Nilifungua daftari la vibarua nikiwa na rula na kalamu nyekundu. Majina ya wapakiaji unga yalikuwa yale yale ukurasa hadi ukurasa, kila Jumamosi sahihi zile zile, na nyingine ni alama ya kidole gumba. Mzee mmoja wa stoo aliponiona nahesabu aliniambia, "Madam, mimi huyo mtoto wa bosi nimemuona akianza nasari." Mtoto mwenyewe sasa anaendesha lori.

Kumwendea mwenye mali na habari kama hiyo kunahitaji maandalizi. Sikumpelekea sheria peke yake. Nilimpelekea hesabu: likizo ambayo watu hao wanaidai kwa kifungu cha 28, yaani siku 21 za kazi kwa kila miezi 12, mapumziko ya siku moja katika kila saba, na siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili zikifuatwa na saba za nusu mshahara kwa aliyetimiza miezi miwili. Akiziona kwa shilingi alielewa kuwa deni linakua kila Jumamosi anapolipa. Wapakiaji wale wana mikataba leo. Najivunia hilo kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Kifungu cha 41 kisome hadi ukikariri. Kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au afya, sharti umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akisikilizwa. Tulikuwa na dereva aliyedaiwa kuuza mikate njiani, na amri ilikuwa atoke siku hiyo hiyo. Niliomba tuahirishe, nikamwandikia barua, akachagua dereva mwenzake wa kuketi naye. Mazungumzo yalifanyika kwa Kijaluo kwa sababu ndiyo lugha aliyoitaka, na mimi nikaandika kila neno. Hatimaye aliachishwa, maana ushahidi ulikuwepo. Lakini aliondoka na malipo ya siku alizofanya kazi, likizo aliyokuwa bado hajaichukua, na cheti cha utumishi ambacho kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kumpa yeyote aliyefanya kazi wiki nne au zaidi. Waliobaki kiwandani waliona kwamba kuna utaratibu, na nimegundua watu huja kwangu sasa na malalamiko yakiwa bado madogo.

Sasa nyota niliyoizuia. Kiingereza chake ni cha wanasheria, na mpangilio haumjali anayeanza kazi: unapita tafsiri za maneno na kanuni za jumla kabla ya kufika unachokihitaji wiki ya kwanza. Hakuna mfano wa barua hata moja. Nakala za zamani zinazouzwa au kupitishwa mkono kwa mkono zinaweza kukupotosha. Likizo ya mwezi mmoja kwa anayepokea mtoto wa kuasili iliongezwa mwaka 2021, kwa hivyo isipokuwemo ujue umeshika nakala iliyopitwa na wakati. Tena sheria haikwambii mahakama zimeitafsiri vipi. Kifungu cha 42 kilimwacha aliye kwenye kipindi cha majaribio nje ya haki ya kusikilizwa, lakini mwaka huo huo wa 2021 mahakama ya ajira iliamua kuwa ubaguzi huo unakiuka katiba. Mimi humsikiliza kila mtu, awe wa majaribio au wa miaka kumi.

Kuhusu makato, inakupa kanuni moja muhimu: jumla yake isizidi theluthi mbili ya mshahara. Hiyo huokoa watu waliojaa mikopo ya chama. Viwango vyenyewe itabidi uvitoe kwingine: bima ya afya ya jamii asilimia 2.75 ya mshahara ghafi na si chini ya shilingi 300, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri, NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) asilimia 6 kwa kila upande hadi kikomo kilichowekwa, na kodi ya mapato baada ya hapo, ambayo hupunguzwa kwa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Kodi ya mapato hulipwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Andika tarehe hiyo kwenye ukuta. Uliza pia kuhusu usajili wako mwenyewe, maana Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya 2012 inakutaka usajiliwe na uwe na cheti cha kufanyia kazi hii. Hili wengi wetu huku magharibi tunaliahirisha mno.

Kwa afisa wa shule ya bweni Kakamega, wa sako (chama cha akiba na mikopo) Bungoma au wa hospitali ndogo Nakuru ambaye ameketi peke yake, hii ndiyo ya kwanza kununuliwa, kabla ya semina yoyote ya hotelini. Ukienda saiba waambie wachape upande mmoja tu wa karatasi, ili ule mwingine uandike mambo ya kiwanda chako karibu na kifungu kinachoyahusu. Na wakupe jalada la plastiki nyuma na mbele. La kwangu la karatasi limeshaanza kuchanika.