ORS na zinki katika boksi moja: ubora wake, makosa ya kuchanganya, na pale isipotosha

Watu wengi huliacha boksi hili la dawa za kuhara, lenye ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa) na vidonge vya madini ya zinki, siku ya pili kwa sababu choo bado ni maji. Wanaona limeshindwa. Ukweli ni kwamba ORS haifungi tumbo wala haijatengenezwa kwa kazi hiyo. Hurudisha maji na chumvi mwilini kwa kasi inayolingana na ile vinayopotea, na mtu anayehara hufa kwa kukosa hivyo viwili. Kwa kipimo hicho, hakuna kitu kingine kwenye rafu ya dawa za kuhara kinacholifikia. Shirika la Afya Duniani liliingiza ORS na zinki zilizofungwa pamoja kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na kwa kaya yenye mtoto wa chini ya miaka 5 tunalipendekeza bila kusita.

Kwanza soma kilichoandikwa kwenye pakiti. ORS nzuri ya lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za trisodiamu sitreti. Jumla ni gramu 20.5. Ikichanganywa sawasawa inatoa milimoli (kipimo cha kiasi cha kemikali) 75 za sodiamu, madini yaliyo kwenye chumvi, na 75 za glukosi kwa lita, na osmolariti, yaani ukolezi wa jumla wa mchanganyiko, ya 245. Ukikuta pakiti ya gramu 27.9 yenye glukosi gramu 20, hiyo ni fomula ya zamani yenye osmolariti 311. Fomula mpya ilichukua nafasi yake kwa sababu kwa watoto walionyweshwa hiyo mpya, kutapika kulipungua, kiasi cha choo kilipungua, na waliohitaji dripu walipungua.

Ulingano huo wa sodiamu na glukosi ndio siri ya dawa. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini inayopitisha vitu hivi viwili kwa pamoja, na maji huvifuata. Protini hiyo huendelea kufanya kazi hata wakati sumu ya kipindupindu imeshaufanya utumbo umwage maji. Kwa hiyo ukiongeza sukari "ili mtoto apende", unaharibu hesabu: glukosi inayozidi hubaki ndani ya utumbo, inavuta maji kutoka mwilini, na kuhara kunazidi. Soda na juisi za dukani zina kasoro hiyohiyo, sukari nyingi na sodiamu kidogo mno. Vinywaji vya wanamichezo navyo havifai. ORS iliyokwisha kuchanganywa kwenye chupa ni nzuri na huondoa makosa ya kupima, lakini ni nzito kubeba na ikifunguliwa lazima iishe mapema.

Makosa ya kupima ndiyo udhaifu mkubwa wa pakiti za unga. Zipo za lita moja, za mililita 500 na za mililita 200, na kwa macho hufanana. Pakiti ya lita moja ikimiminwa kwenye nusu lita, sodiamu inafika milimoli 150. Mtoto anapata kiu kali, anakataa kunywa au anatapika, na chumvi inaweza kupanda kwenye damu hadi akapata degedege. Ya mililita 200 ikimiminwa kwenye lita inakuwa maji matupu yenye ladha. Kugawa pakiti nusu kwa nusu pia usijaribu, maana unga haujichanganyi sawa ndani ya mfuko na nusu moja inaweza kuwa na chumvi zaidi ya nyingine. Tafuta chombo chenye alama ya ujazo, chemsha maji kwanza, yaache yapoe, kisha mimina pakiti nzima na ukoroge hadi yawe angavu. Usichemshe baada ya kuchanganya. Funika, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Kwa mtoto mmoja nyumbani tunaona pakiti za mililita 200 ni bora, kwa kuwa hakuna kumwaga robo tatu ya jagi kila siku.

Kiasi cha kunywesha nacho hukosewa, mara nyingi kwa kutoa kidogo. Mtoto asiye na dalili za kupungukiwa maji apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji kama hajafika miaka 2, na mililita 100 hadi 200 kama ana miaka 2 hadi 10. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Mtoto akiwa macho yameingia ndani, anahangaika, ana kiu kali, na ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, hesabu inabadilika: mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4, chini ya uangalizi wa kituo cha afya. Mtoto wa kilo 8 atahitaji mililita 600. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kila dakika 2 kinafikisha kiasi hicho kwa muda uleule. Akitapika, subiri dakika 10 na uendelee taratibu zaidi. Kikombe kizima cha ghafla hutapikwa, kijiko hukaa. Kunyonya kusisimame, na chakula kisikatwe.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali ni habari nyingine kabisa. Huyo ana mchanganyiko wake maalumu wenye sodiamu kidogo, na hunyweshwa taratibu wodini.

Zinki ndiyo sehemu ya boksi inayotupwa ovyo kuliko zote. Dozi iliyozoeleka ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10, yaani nusu kidonge, kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Hufupisha ugonjwa na kupunguza kuhara kwa miezi 2 au 3 inayofuata, lakini faida hiyo ya pili hupatikana tu dozi ikimalizika. Choo kikikaza siku ya tatu, vidonge huishia kabatini. Chagua vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Kasoro ya kweli ni ladha ya chuma, na baadhi ya watengenezaji huificha vizuri kuliko wengine. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza kidonge, mpe kingine.

Sasa kikomo cha boksi lenyewe. Kwa watoto, kuhara kwa maji kwingi husababishwa na virusi: rotavirusi, norovirusi, adenovirusi, astrovirusi. Hivi havina dawa ya kuviua, na boksi hili linatosha. Hata kupima choo hakuhitajiki. Kipimo cha haraka cha rotavirusi hutoa jibu ndani ya dakika chache lakini matibabu hayabadiliki. Thamani yake ni kumzuia mtu asiandike antibiotiki bure. Kuotesha bakteria maabara huchukua siku 2 au 3, na wengi hupona kabla jibu halijarudi. PCR, kipimo kinachosaka vinasaba vya vijidudu, ni ya haraka na kali, ila huokota hata vijidudu ambavyo mtu anavibeba bila kuumwa navyo.

Kipimo kina maana choo kikiwa na damu, homa ikiwa kali, kuhara kukizidi siku 7, mgonjwa akiwa na kinga dhaifu, au watu wengi wakiugua kwa pamoja. Damu kwenye choo cha mtoto humfanya daktari afikirie kwanza shigela, bakteria wa kuhara damu. Antibiotiki ya siprofloksasini, miligramu 15 kwa kilo mara 2 kwa siku kwa siku 3 ni tiba inayojulikana, endapo bakteria wa eneo hilo hawajawa sugu. Lakini kuna aina ya bakteria E. coli inayotoa sumu iitwayo Shiga, nayo huleta damu mara nyingi bila homa kubwa, na hapo antibiotiki zinaweza kuongeza hatari ya figo kushindwa. Kubahatisha dawa dukani ni hatari kwa sababu hiyo.

Amiba, kimelea wa utumbo, husingiziwa sana. Kuona vifukofuko vyake kwenye choo hakuthibitishi kitu, maana ipo jamaa yake isiyodhuru ambayo kwa hadubini haina tofauti. Kinachothibitisha ni amiba hai yenye chembe nyekundu za damu tumboni mwake, na choo kifike maabara kikiwa bado na joto, ndani ya nusu saa hivi. Hapo ndipo dawa ya metronidazo ina kazi, kama ilivyo kwa giadia, kimelea mwingine wa utumbo anayesumbua kwa wiki kadhaa kwa gesi na choo chenye mafuta. Kwa kipindupindu, antibiotiki ya doksisaiklini miligramu 300 mara moja kwa mtu mzima hufupisha ugonjwa, ila maji hutangulia: mgonjwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa.

Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, au ambaye ngozi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, amevuka uwezo wa boksi hili. Anahitaji dripu mara moja. Umnyweshe njiani kama bado anameza. Loperamidi, dawa ya kufunga tumbo inayouzwa jirani na ORS, isipewe mtoto wala mtu mwenye damu kwenye choo, kwani hufungia sumu na vijidudu ndani.

Unapochagua dukani, bonyeza pakiti kwa vidole. Unga uwe mwepesi na mweupe; ukiwa bonge gumu au umegeuka kahawia, unyevu umeingia, irudishe. Kisha angalia tarehe ya kuisha kwenye pakiti ya unga na kwenye bamba la vidonge, si kwenye boksi la nje pekee.